Salfa Niliyojipaka Usoni

Sehemu ya Sita

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua mliniacha wapi. Nilikuwa kifudifudi chini ya mkorosho, mashine ya kupulizia salfa ipo mgongoni, injini bado inanguruma, na mimi nalia. Mtu mzima wa miaka arobaini na saba.

Aliyeanza kusoma leo nitamsogezea kiti. Naitwa Adinani, wa Nkowe, Ruangwa. Kazi yangu ni kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga wa manjano. Miaka miwili iliyopita nilipanda bodaboda na rafiki yangu Yunusi tukitokea Nachingwea, tukaanguka. Mimi niliamka, Yunusi hakuamka.

Tangu siku ile nikisikia injini ya pikipiki moyo unanienda mbio, jasho linanitoka, vidole vinakufa ganzi. Na mashine ya kupulizia, kwa wasioijua, ina injini kama ya pikipiki ndogo, ila hii mtu anaibeba mgongoni, sentimita chache kutoka kwenye masikio yake. Kwa hiyo ugonjwa wangu na kazi yangu vilikuwa vinalala chumba kimoja.

Zahanati walinipima presha wakasema sina. Wakanipima sukari wakasema sina. Wakaniambia ni wasiwasi tu, nikapumzike. Nilitaka kuuliza nipumzike lini na maua ya mikorosho ndiyo yanatoka, nikaona nitawachosha bure.

Mikorosho yenyewe si yangu. Kwetu shamba la mama linakwenda kwa binti, na mjomba ndiye anayelisimamia. Mama yetu alipofariki shamba likawa la dada yangu Hajra, ambaye ndiye aliyenilea mimi, akanibeba mgongoni na akanichapa nilipostahili. Mwaka huu Hajra alikwenda Lindi kumsaidia binti yake mkubwa, Mwanaima, aliyejifungua pacha. Huku nyuma aliniachia miti, na akaniachia Shamimu, binti yake mdogo.

Shamimu amepata nafasi ya chuo cha uuguzi. Barua ya kuitwa aliifunga ndani ya mfuko wa nailoni isishike vumbi, akawa anaitoa jioni kuisoma kana kwamba maneno yanaweza kubadilika. Korosho za mwaka huu ndizo zitakazompeleka. Njia nyingine haipo, na sote tulijua.

"Adinani, mdogo wangu," Hajra aliniambia siku ya kuondoka, "nakuachia miti na mtoto. Ukiangalia miti, umemwangalia mtoto."

Sasa tuendelee.

Aliyeniokota pale chini ni Shamimu. Alizima injini, akanivua mikanda, akaibeba mashine mwenyewe mpaka nyumbani. Jioni, baada ya kula, ndipo akaniambia kuna dada mmoja Nachingwea anaitwa Prisca, anayemsuka nywele. Dada huyo anafundisha watu wenye wasiwasi, na amemsaidia mama mmoja wa Chiola aliyekuwa halali mwaka mzima.

"Nenda tu, mjomba. Ukiona upuuzi, urudi tucheke wote," alisema.

Nikaenda kwa baiskeli, maana bodaboda sipandi hata nikibebwa. Niliondoka asubuhi nikafika mchana, magoti yananiuma.

Prisca ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Nachingwea, wazazi wake walihamia wakitokea Masasi, watu wa kanisani. Alifanya kazi miaka minne kwenye hoteli moja ya Zanzibar, akiwakanda wageni migongo, na huko ndiko alikojifunza mambo ya kukaa na kupumua. Mama yake alipopooza akaacha kazi akarudi. Mchana anasuka, jioni anatandika mkeka uani nyuma ya saluni na kumfundisha anayetaka.

"Baba, mimi siyo daktari wala siyo mganga," aliniambia kabla sijafungua mdomo. "Nafundisha kukaa chini tu."

Nikamwambia kukaa chini nilijua tangu nina miezi sita. Akacheka, akasema nimekaa mkekani ndiyo, lakini masikio yangu yapo barabarani yanangoja pikipiki. Ilikuwa kweli, na ilinikera kuwa amejua mapema hivyo.

Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mwilini mna vituo saba vya nguvu, vinaitwa chakra, vimepangana kuanzia mwisho wa uti wa mgongo mpaka utosini. Cha chini kabisa ndicho chakra ya mzizi, na rangi yake ni nyekundu. Hicho kikiyumba, mtu anaishi kama anayetaka kukimbia muda wote. Halali, chakula hakimkai, mlango ukigongwa anashtuka. Kikitulia, mtu anahisi ardhi imembeba.

Mpaka leo sijui kama mwishoni mwa uti wangu kuna kitu chekundu. Lakini dalili alizozitaja zilikuwa zangu zote, kama vile alikuwa anasoma daftari langu la zahanati.

Katika zoezi kulikuwa na neno la kuimba taratibu, nikamwambia hiyo hapana, mimi Mwislamu, sitaki kutamka maneno nisiyojua yametoka wapi. Hakubishana. Akasema niiache, nipumue tu.

Akanitoa mkekani akaniweka kwenye udongo mtupu, peku, nyayo zimegusa chini. Akanifunika mapajani kanga nyekundu. Akaniambia nifumbe macho, nivute pumzi huku nahesabu mpaka nne, niishushe huku nahesabu mpaka sita. Halafu nifikirie mizizi inatoka kwangu inashuka chini, inapita mchanga, inapita mfinyanzi, inafika kwenye maji.

"Dakika kumi, baba. Halafu unainuka," akasema.

Nilijiona mjinga. Nikajiona mjinga kwa muda mrefu, nikahesabu nne, nikahesabu sita, nikawaza baiskeli yangu isiibiwe. Kisha pikipiki ikapita barabarani. Niliisikia inakuja, nikaisikia inapita, nikaisikia inakwenda zake. Moyo wangu haukwenda nayo.

Nilipofumbua macho Prisca alikuwa anaosha vitana kwenye beseni. Niliona haya kwa sababu mashavu yangu yalikuwa yamelowa, lakini yeye aliendelea kuosha vitana vyake. Nilifika nyumbani usiku, nikalala mpaka adhana ya alfajiri, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka miwili. Shamimu alisema nilikoroma mpaka kuku wakahama.

Hapo ndipo hadithi ilipaswa kuishia, na mimi niwe mtu mzima tena.

Lakini kuna jambo moja la mikorosho ambalo Prisca hakulijua, na mimi nililijua nikajifanya silijui. Salfa inapulizwa alfajiri. Inataka umande kwenye maua ili vumbi lishike, na inataka hewa iliyosimama. Jua likishapanda upepo unaamka, na salfa yote inakwenda kwa jirani. Mpuliziaji ana saa moja na nusu kwa siku, akibahatika mbili.

Na mimi nilikuwa nakaa chini saa hizo hizo.

Siku ya kwanza nilikwenda shambani na nia safi. Nilisali, nikabeba mashine na mfuko wa salfa kwenye baiskeli, nikafika bado giza jepesi. Nikasema nikae kwanza dakika kumi zangu, halafu nianze kazi. Nikatandika kanga nyekundu aliyonipa Prisca, nikavua ndala, nikashusha mizizi yangu. Mashine za wenzangu zilikuwa zinanguruma mbali huko bondeni, na hazikunitisha. Nikatulia.

Nikainuka, nikaiweka mashine mgongoni, nikashika kamba ya kuwashia. Ule uzito tu mgongoni ulitosha. Vidole vikafa ganzi, kinywa kikakauka, nikamwona Yunusi alivyolala na kiatu kimoja. Nikaivua mashine haraka kama inaniunguza. Nikarudi kwenye kanga, nikahesabu nne, nikahesabu sita, nikatulia tena. Na kwa kuwa nilitulia, nikaendelea kukaa. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limepanda na majani yanacheza.

Nikasema kesho.

Tatizo lilikuwa namna ya kurudi nyumbani. Mpuliziaji anarudi amekuwa wa manjano, nyusi, masikio, kola ya shati, na ananuka salfa hata akioga mara mbili. Mimi nilikuwa msafi kama mtu anayetoka harusini. Shamimu angeniona tu angejua.

Nikafungua mfuko. Nikachota salfa kiganjani, nikajipaka usoni. Nikajipaka kwenye nyusi, nikajipaka mikono, nikajimwagia nyingine mabegani na kuipangusa kidogo ionekane imejikalia yenyewe. Nyingine ikaniingia machoni yakawa mekundu, na hilo lilisaidia. Nimewahi kufanya mambo mengi ya aibu katika maisha yangu na mengine mmeyasoma hapa. Hilo la kujipaka lilinipa aibu kuliko yote, na bado nililirudia kesho yake.

Kwa sababu kesho nayo ilikuwa hivyo hivyo. Na keshokutwa.

Kila asubuhi nilikaa, nikatulia, nikagusa mashine, nikaiacha. Kila asubuhi nilijipaka. Mifuko iliyotakiwa kuwa imekwisha ilikuwa bado imeshonwa, na siwezi kurudi nyumbani na mifuko iliyojaa, kwa hiyo niliihamishia kwenye kibanda cha marehemu Yunusi, shamba la pili kutoka letu. Kibandani humo hakuna anayeingia tangu afariki. Nilikuwa naomba radhi kila nikifungua mlango.

Shamimu alifurahi mno. Alikuwa akinisubiri na maji ya kuoga, ananiita shujaa. Siku moja alinichukua video nimesimama uani, wa manjano kuanzia kichwani mpaka kiunoni, akamtumia mama yake. Hajra akapiga simu papo hapo.

"Nimeona," alisema. "Nimemwonyesha Mwanaima. Mdogo wangu, unalala siku hizi?"

"Nalala, dada."

"Alhamdulillahi. Hilo ndilo nililokuwa naomba. Korosho Mungu ataleta."

Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Nilikuwa nimelala kweli, hilo sikumdanganya. Nadhani hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba ndani ya uongo wote ule kulikuwa na jambo moja la kweli na lenyewe ndilo alilolishika.

Mwezi wa saba ulikwisha. Aliyeleta habari ni jirani yetu Kaimu, mtu wa kuchungulia mashamba ya wenzake kuliko la kwake. Alikuja nyumbani asubuhi akakaa bila kukaribishwa. Akasema amepita kwetu ameona maua yamepauka, yana unga mweupe, mengine yameshakuwa meusi yanadondoka. Ubwiriunga, ule ugonjwa ambao salfa ndiyo inauzuia. Hata mti mmoja haukupona.

"Sasa mimi najiuliza," Kaimu akasema, "mtu amepulizia mwezi mzima. Anarudi hapa kila siku kama bata wa manjano. Imekuwaje?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kusema.

"Salfa ni feki," akasema Shamimu.

Alisema taratibu, akiwa anachambua mchele, bila kuinua kichwa. Kaimu akaruka kama aliyekuwa anasubiri neno hilo. Na yeye maua yake upande wa mtoni yalikuwa yamepata unga, kwa sababu alichelewa raundi mbili za kupulizia akiwa msibani, lakini hilo alilisahau palepale. Akauliza tulinunua wapi. Tulinunua Nachingwea, kwenye duka la pembejeo la Fahadi, alikonunua na yeye.

Neno likatoka nyumbani kwetu kwa miguu yake yenyewe. Jioni lilikuwa limefika Nkowe yote. Baada ya siku nne nilisikia limefika Kiegei, na kila ambaye mikorosho yake ilikuwa na hitilafu, kwa uvivu au kwa bahati mbaya, alikuwa amepata mtu wa kumlaumu.

Sikuweza kukaa nyumbani. Nikapanda baiskeli kwenda kwa Prisca.

Duka la Fahadi nililikuta limefungwa kwa kufuli la polisi. Fahadi ni kijana wa miaka ishirini na nane, mpole, mwenye mke na mtoto mdogo, anayekufungia mfuko vizuri kwenye keria kabla hujamwomba. Prisca aliniambia alichukuliwa juzi, na kwamba watu watatu wameandika maelezo dhidi yake.

Nikamweleza Prisca kila kitu, mpaka la kujipaka. Alisikiliza, mikono yake ipo kwenye kichwa cha mteja aliyesinzia. Nilipomaliza aliniuliza nilikuwa nakaa kwa muda gani kila asubuhi.

"Mpaka jua lipande," nikasema.

"Nilikwambia dakika kumi, baba."

"Nilikuwa natulia."

"Najua ulikuwa unatulia." Alikuwa amechoka, ilionekana machoni. "Lakini sehemu ya mwisho ya zoezi ni kuinuka na kwenda kwenye kile unachokiogopa. Hukuwahi kulimaliza hata siku moja. Ulikuwa unajificha kwenye kanga yangu."

Nilimwuliza nifanye nini sasa, akasema yeye anafundisha kupumua, mengine nayajua mwenyewe. Nilikanyaga baiskeli kurudi Nkowe na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Shamimu. Niliyapanga mpaka yakawa mazuri.

Nilimkuta uani ameshika karatasi. Ni wito wa polisi, niripoti kesho yake kituoni Nachingwea. Bwana shamba ametaka kuisoma namba ya mzigo iliyochapwa mifukoni, kwa hiyo nifike na mifuko yote mitupu ya salfa niliyotumia.

"Shamimu, mwanangu," nikaanza, "ile mifuko."

"Ipo kwa marehemu Yunusi," akasema. "Saba. Mmoja umefunguliwa, sita bado imeshonwa."

Nilikaa chini pale pale, na sikuwa nafanya zoezi.

Akanieleza bila hasira. Yeye kila alfajiri anapita barabara ile kupeleka maandazi, na mashine yetu anaijua, ina kikohozi chake. Aliisikiliza wiki ya kwanza, hakuisikia. Siku moja akakatiza shambani akaniona nimekaa na kanga, nimefumba macho. Akasimama kidogo, akaondoka. Siku nyingine akafuata alama za baiskeli yangu mpaka kibandani, akaihesabu mifuko.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza.

"Ulikuwa unalala, mjomba. Miaka miwili nakusikia unazunguka uani usiku. Nikasema nikuache wiki moja utaanza. Halafu wiki nyingine." Akafuta uso kwa upande wa mkono. "Mimi ndiye niliyekutuma kwa Prisca. Na Kaimu alipokuja, neno likanitoka. Sikutaka wakucheke."

"Na polisi wamefikaje kwetu?"

"Walikuja baada ya Kaimu, siku ile ulipokwenda Nachingwea kununua betri za tochi. Wakaniuliza kama mjomba alipulizia. Nikasema ndiyo, kila siku. Nikatia saini."

Nikafanya hesabu yangu ndogo kichwani na haikuchukua muda. Nikisema kweli, Fahadi anatoka, na Shamimu anaingia kwa kuwadanganya polisi. Hakuna chuo cha uuguzi kitakachompokea binti mwenye kesi. Nikinyamaza, Fahadi anakwenda jela kwa salfa nzuri kabisa iliyokuwa usoni kwangu.

Shamimu alikuwa ameshawaza mbele zaidi yangu. Alikuwa na wembe.

"Tuikate mishono, salfa tukaimwage chooni," alisema. "Tupeleke mifuko mitupu. Wakiisoma namba wataona ni salfa halali, watasema labda ilikaa vibaya ghalani, watamwandikia Fahadi onyo, mambo yataisha. Mama anarudi wiki ijayo. Asilikute hili, mjomba. Nakuomba."

Hakuwahi kuniomba kitu tangu azaliwe. Nikabeba mfuko wa kwanza.

Tulimwaga yote saba, jioni ile ile kabla giza halijaingia, kwenye choo cha shimo nyuma ya kibanda cha Yunusi. Vumbi lilitupanda usoni, safari hii bila kujipaka. Tulikohoa wote wawili. Tulipomaliza tulikuwa wa manjano kama watu waliofanya kazi.

Kesho yake tulikwenda Nachingwea, yeye kwa gari, mimi kwa baiskeli, nikaondoka kabla yake na nikafika baada yake. Chumba kilikuwa kidogo. Kulikuwa na askari mmoja wa makamo mwenye daftari kubwa, bwana shamba ameegemea dirisha, na Shamimu kwenye benchi la ukutani. Fahadi aliletwa kutoka nyuma, hana mkanda, hana viatu, kidevu kimeota ndevu. Aliniamkia shikamoo kama vile tumekutana dukani.

Bwana shamba akatoa mifuko kwenye gunia langu, akaigeuza mmoja mmoja, akainusa mishono. Akasema namba ni halali. Akasema pia kwamba mikato ni mipya, nyuzi bado zina unga. Askari akaniangalia.

Hapo Fahadi akaomba kusema. Nilidhani atanishutumu, na nilitamani anishutumu.

"Afande, watu wengine waliosema sibishani nao, siwajui vizuri," alisema. "Lakini mzee Adinani amenunua kwangu miaka sita, na kabla yangu alinunua kwa baba. Ni mtu wa kweli. Yeye akisema alipulizia salfa yangu na haikufanya kazi, basi kosa ni langu na mimi sitakata rufaa. Mwulizeni yeye tu."

Askari akashika kalamu. Akaniuliza kama nilipulizia salfa ile mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Nyayo zangu zilikuwa kwenye sementi ya baridi ndani ya ndala. Nilihesabu nne, nikahesabu sita. Moyo ulikuwa unapiga kwa nguvu na haukutulia, na nikaona nisiungoje utulie.

"Hapana," nikasema. "Sikupulizia hata mti mmoja. Mashine naiogopa tangu ajali. Salfa nilijipaka usoni nionekane nimefanya kazi. Salfa ya kijana huyu ni nzuri, na jana nimeimwaga chooni. Yeye hana kosa lolote."

Fahadi aliinamisha kichwa, akajishika paji la uso kwa mikono yote miwili. Bwana shamba aliacha dirisha. Kalamu ya askari ilikuwa inakwenda haraka.

"Na mpwa wako? Hapa nina maelezo yake."

Hilo nilikuwa nimejiandaa nalo njia nzima, tangu Nkowe. "Nilimdanganya na yeye, afande. Kila siku aliniona wa manjano, angejuaje? Aliandika alichoamini. Mifuko nimemwaga mimi, peke yangu. Mtoto hakujua kitu. Andika hivyo, nitatia saini popote."

Askari aliandika mpaka mwisho. Akalivuta daftari akanigeuzia, akaniwekea kidole pa kusaini. Nikashika kalamu.

"Nilijua, afande," akasema Shamimu.

Sote tukageuka. Alikuwa amesimama mbele ya benchi, kitambaa cha kichwa amekishika mkononi, na hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Fahadi.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," akasema. "Na wembe ulikuwa wangu."

Askari akaichukua kalamu mkononi mwangu, akafungua ukurasa mpya, na akamwuliza jina lake kamili.